Nyuma ya Dirisha la Dawa: Jinsi Zahanati na Vituo vya Afya Vinavyofanya Kazi Ukanda wa Bagamoyo

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

Kwa mwananchi anayefika asubuhi kwenye zahanati ya Serikali, huduma ina sehemu nne tu: benchi la kusubiria, chumba cha tabibu, maabara na dirisha la dawa. Nyuma ya sehemu hizo ipo kazi nyingine asiyoiona. Kuna vitabu vinavyojazwa, jokofu linalosomwa joto lake asubuhi na jioni, maombi ya dawa yanayokokotolewa, fedha zinazopangiwa matumizi na taka zinazoteketezwa. Kazi hiyo ndiyo inayoamua kama mgonjwa wa mwezi ujao ataikuta dawa au ataambiwa akanunue mtaani.

Makala haya yanaeleza mtiririko wa kazi hiyo katika ngazi ya msingi, kwa kuangalia ukanda wa pwani ulio kaskazini mwa Dar es Salaam: Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, hadi mji wa Bagamoyo na vijiji vya Bonde la Mto Ruvu. Ukanda huu una mahitaji yanayokua kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,098,668 katika Mkoa wa Pwani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,024,947. Ongezeko hilo la miaka kumi linaonekana katika nyumba mpya kandokando ya barabara ya Bagamoyo, na vilevile katika foleni za asubuhi za vituo vya kutolea huduma za afya.

Ngazi za huduma

Tiba ya hospitali si jambo geni Bagamoyo. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa mji huo aliyefariki mwaka 1897, alitoa fedha za ujenzi wa hospitali jijini Dar es Salaam ambayo ni chimbuko la Hospitali ya Taifa Muhimbili ya leo, na jina lake limebaki katika moja ya majengo ya wodi hospitalini hapo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mkazo ulihamia vijijini. Sera ya Afya ya mwaka 2007, pamoja na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza mwaka huo, iliweka lengo la kila kijiji kuwa na zahanati na kila kata kuwa na kituo cha afya.

Zahanati hutibu wagonjwa wa nje, hutoa chanjo, kliniki ya wajawazito na watoto, uzazi wa mpango, na huzalisha wajawazito wasio na viashiria vya hatari. Kituo cha afya huongeza vitanda vya kulaza wagonjwa na maabara yenye uwezo zaidi; vituo vilivyopanuliwa na kupewa vyumba vya upasuaji hufanya pia upasuaji wa dharura kwa wajawazito. Juu yake ipo Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani iliyopo Tumbi, Kibaha, na hatimaye Muhimbili.

Mgawanyo huo unajibu swali linaloulizwa mara kwa mara: kwa nini dawa fulani haipo zahanati wakati ipo hospitalini? Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu huonyesha kila dawa inaruhusiwa kuanzia ngazi ipi. Dawa inayohitaji daktari bingwa au kipimo ambacho zahanati haina haiwekwi zahanati, hata kama fedha ya kuinunua ipo.

Watumishi na majukumu yao

Zahanati huongozwa na Mganga Mfawidhi, ambaye kwa kawaida ni tabibu. Pamoja naye huwapo wauguzi, mtaalamu wa maabara pale ilipo, na mhudumu wa afya. Katika kituo cha afya huongezeka madaktari, mteknolojia wa dawa na watumishi wa kumbukumbu. Pale watumishi wanapokuwa wachache, mtu mmoja hubeba zaidi ya jukumu moja. Muuguzi anayechanja asubuhi anaweza kuwa ndiye mtunza stoo ya dawa mchana na mkunga wa zamu usiku.

Siku huanza kabla ya mgonjwa wa kwanza kuonwa. Muuguzi wa zamu ya usiku hukabidhi taarifa ya wagonjwa, vifaa vilivyotumika na vilivyobaki. Wanaosubiri hupewa elimu ya afya, kisha hupangwa kwa kuangalia hali zao na si kwa kufuata foleni pekee. Mtoto mwenye degedege, mjamzito anayetokwa na damu au mtu anayeshindwa kupumua hupita mbele ya waliotangulia kufika. Utaratibu huo hauwadhulumu walio kwenye foleni. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kupoteza maisha akisubiri zamu.

Nje ya jengo wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu hao Januari 2024. Wao hutembelea kaya, huwatambua wajawazito ambao hawajaanza kliniki, hufuatilia wagonjwa wa kifua kikuu wanaoacha dawa na hutoa taarifa za magonjwa yanayoibuka. Katika ukanda wenye wavuvi wanaohama na kupiga dago kufuata msimu wa samaki, kazi hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa mtoto wa mvuvi anaweza kuanza chanjo katika kijiji kimoja na kupaswa kuikamilisha katika kingine.

Vitabu vya MTUHA: kumbukumbu inayogeuka kuwa dawa

Kila huduma huandikwa katika Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kama MTUHA. Kila kitabu kina namba na kazi yake. Wagonjwa wa nje huandikwa kitabu namba 5, wajawazito namba 6, watoto namba 7, uzazi wa mpango namba 8, wanaojifungua namba 12, huduma baada ya kujifungua namba 13, na waliolazwa namba 14.

Mwanzoni mwa kila mwezi, takwimu za mwezi uliopita hujumlishwa na kupelekwa kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, kisha huingizwa katika mfumo wa kitaifa wa kielektroniki. Magonjwa ya kutolewa taarifa, kama kipindupindu, hayasubiri mwisho wa mwezi; hutolewa taarifa mara moja ili timu ya wilaya ichukue hatua. Vituo vyenye kompyuta hutumia mfumo wa GoTHOMIS, unaounganisha mapokezi, tabibu, maabara, dawa na malipo, hivyo kila hatua aliyopitia mgonjwa huonekana.

Anuani inayoulizwa mapokezi ina kazi yake. Wagonjwa kumi wa kuharisha kutoka kitongoji kimoja ndani ya wiki moja ni ishara ya kisima kilichochafuka, na Afisa Afya hawezi kukipata kisima hicho iwapo wagonjwa wote wameandikwa kwa neno moja tu, "Bagamoyo". Umri nao husaidia kukadiria dozi na kubaini wanaostahili msamaha. Taarifa hizo ni siri ya mgonjwa, na zinalindwa na maadili ya taaluma pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Dawa hufikaje dirishani

Dawa za vituo vya Serikali hununuliwa, hutunzwa na kusambazwa na Bohari ya Dawa (MSD), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1993. Vituo vya Bagamoyo huhudumiwa na MSD Kanda ya Dar es Salaam. Hata hivyo, MSD haipeleki dawa kwa makisio yake. Kila kituo huagiza chenyewe kwa kujaza fomu ya taarifa na maombi, ikionyesha kiasi kilichokuwapo, kilichopokelewa, kilichotumika, kilichobaki, na siku ambazo dawa haikuwapo kabisa.

Kipengele cha mwisho ndicho kinachokosewa zaidi, na madhara yake humfikia mgonjwa moja kwa moja. Tuchukue mfano wa hesabu. Zahanati imetumia dozi 450 za dawa ya maumivu katika siku 60, lakini kwa siku 15 kati ya hizo dawa haikuwapo. Matumizi halisi ni dozi 450 kwa siku 45, yaani dozi 10 kwa siku, sawa na dozi 600 kwa miezi miwili. Mtunza stoo akisahau kuandika zile siku 15, maombi yatasomeka dozi 450, na dawa itaisha tena siku ya 45. Upungufu huo utaendelea kujirudia, na mwananchi ataamini kuwa Serikali haileti dawa, ilhali imeletwa kiasi kilekile kilichoombwa.

Athari ya namna hiyo hutokea pia dawa inapotolewa bila kuandikwa, iwe kwa mtumishi, kwa jirani au kwa mgonjwa aliyepita dirishani bila kuonwa na tabibu. Leja itaonyesha dawa iliyotoka bila mgonjwa aliyeipokea, na mkaguzi atahoji.

Shehena inapofika, hupokelewa mbele ya wajumbe wa Kamati ya Usimamizi wa Kituo. Makasha hufunguliwa, idadi hulinganishwa na hati ya mzigo, tarehe za kuisha muda hukaguliwa, na pande zote husaini. Dawa za Serikali huwekwa alama ili zikikutwa duka binafsi zitambulike. Stoo hupangwa kwa kanuni kwamba dawa inayokaribia kuisha muda ndiyo hutoka kwanza. Joto na unyevu wa pwani ni changamoto ya kudumu, kwa sababu dawa nyingi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi joto 30. Ndiyo maana stoo hupaswa kuwa na dari, madirisha ya kupitisha hewa, na mbao za kuinua makasha kutoka sakafuni.

Dawa isipopatikana MSD, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeshindanishwa na kupewa mkataba katika mkoa. Utaratibu huo ulianza kwa majaribio Dodoma mwaka 2014 kabla ya kuenezwa mikoa mingine. Kituo hakiruhusiwi kuchukua fedha na kununua duka lolote kinalotaka.

Jokofu ambalo halipaswi kuzimika

Chombo kinacholindwa kwa uangalifu mkubwa kuliko vyote katika zahanati ni jokofu la chanjo. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Muuguzi husoma kipimajoto asubuhi na jioni, siku za mapumziko zikiwemo, na kuandika katika chati iliyobandikwa mlangoni. Wengi hudhani hatari ni joto pekee, lakini chanjo ya pentavalenti, inayomkinga mtoto dhidi ya magonjwa matano yakiwemo dondakoo, kifaduro na pepopunda, huharibika pia ikiganda. Kwa hiyo jokofu la chanjo haliwekwi soda, maji ya kunywa wala chakula cha watumishi, kwa kuwa kila mlango unapofunguliwa joto hubadilika.

Jambo hili linaeleza pia kwa nini baadhi ya vituo hupanga siku maalumu ya chanjo ya surua na rubela. Kichupa kikishachanganywa hutakiwa kutumika ndani ya saa 6, kisha mabaki hutupwa. Muuguzi hupanga siku hiyo ili watoto wengi wachanjwe kwa kichupa kimoja. Pamoja na hayo, mzazi aliyetoka mbali aeleze hali yake, kwani mtoto aliyefika kituoni hapaswi kukosa kinga.

Dawa nyingine inayohitaji ubaridi ni oksitosini, inayotumika kuzuia na kutibu kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Ikikaa kwenye joto kwa muda mrefu hupoteza nguvu bila kubadilika rangi, na mkunga atagundua tatizo wakati mama anaendelea kuvuja damu. Umeme unapokatika usiku, mpango wa dharura wa kituo, uwe jenereta, umeme jua au kuhamisha vichupa kwenye kisanduku baridi, ni suala la uhai wa mama huyo.

Maabara na homa

Zamani katika ukanda wa pwani kila homa ilihesabiwa kuwa malaria. Kipimo cha haraka cha malaria kimebadili utaratibu huo: mgonjwa hupimwa kwanza, na dawa mseto hutolewa kwa aliyethibitika. Mwenye majibu hasi hutafutiwa chanzo kingine cha homa. Mgonjwa anayelazimisha kupewa dawa ya malaria baada ya majibu hasi anamnyima mgonjwa mwingine dozi, na ugonjwa wake halisi unaendelea kukua.

Bagamoyo ina nafasi ya pekee katika vita dhidi ya malaria. Tawi la Taasisi ya Afya Ifakara lililopo mjini hapo lilishiriki majaribio ya chanjo za malaria za RTS,S na R21, ambazo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza zitumike kwa watoto, ya kwanza mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023. Matokeo ya majaribio hayo yalitegemea wazazi waliowarudisha watoto kliniki kwa tarehe, na kumbukumbu zilizoandikwa kwa ukamilifu.

Fedha, bima na msamaha

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo badala ya kubaki halmashauri. Kituo huandaa mpango wake wa mwaka, ambao huingizwa katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Mapato mengine hutokana na uchangiaji wa papo kwa papo na malipo ya bima. Matumizi hupitishwa na Kamati ya Usimamizi wa Kituo, yenye wajumbe wanaotoka kwa wananchi. Kwa maneno mengine, mwananchi ana mwakilishi mwenye haki ya kuuliza fedha ya dawa imetumikaje.

Mgonjwa mwenye bima huisaini fomu ya madai baada ya huduma. Kituo hukusanya fomu hizo na kuzipeleka kwa mfuko husika. Iliyojazwa vibaya hukataliwa, na kituo hubaki kimetoa dawa bila malipo. Mwanachama asisaini fomu ambayo haijajazwa, wala kumpa mtu mwingine kadi yake. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayolenga kumwezesha kila mwananchi kupata huduma bila kikwazo cha fedha anapougua.

Kwa mujibu wa Sera, wapo wanaohudumiwa kwa msamaha katika vituo vya Serikali: wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na Virusi vya UKIMWI. Mzee asiye na uwezo hutambuliwa kupitia uongozi wa kijiji au mtaa na ustawi wa jamii, hivyo ni vyema kukamilisha utambuzi huo kabla ya kuugua.

Taka na usafi

Sindano ikishatumika huingizwa moja kwa moja katika kisanduku cha usalama bila kurudishiwa kifuniko chake, na kisanduku hufungwa kikijaa robo tatu. Taka za kawaida, taka zenye maambukizi na zile zenye maambukizi makubwa hutengwa katika vyombo vya rangi tofauti, kisha za hatari huteketezwa katika kichomea taka. Kondo la nyuma hutupwa katika shimo maalumu lililofunikwa. Sindano moja iliyozagaa nje ya uzio inaweza kumfikia mtoto anayecheza, kwa hiyo mwananchi akiona taka za hospitali zimezagaa atoe taarifa siku hiyo hiyo.

Rufaa na dharura

Rufaa ni sehemu ya tiba, na haina maana kwamba kituo kimeshindwa kazi. Mganga huandika barua inayoeleza hali ya mgonjwa, vipimo na dawa alizopewa, na hupaswa kuwasiliana na kituo kinachompokea. Mgonjwa anayeipuuza barua hiyo na kwenda moja kwa moja hospitali kubwa hulazimika kuanza upya, na tabibu wa huko hana habari ya dawa zilizokwishatumika.

Kwa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga upo mfumo wa usafiri wa dharura wa M-mama, unaopatikana kwa kupiga simu namba 115 bila malipo. Mtoa huduma huuliza maswali, huamua kituo kinachofaa, kisha hutuma gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo. Kwa familia zinazoishi vijiji vya Bonde la Ruvu, ambako mvua za masika huharibu barabara, namba hiyo inafaa kujulikana na kila mtu katika kaya kabla uchungu haujaanza.

Wajibu na haki ya mwananchi

Mwananchi anayekwenda kituo cha huduma anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

- Afike na kadi ya kliniki, kadi ya bima na vyeti vya matibabu yaliyotangulia.
- Ataje jina la kitongoji au mtaa, umri na dawa anazotumia, zikiwemo za asili.
- Ahakikishe ameandikishwa kabla ya kupewa dawa.
- Adai stakabadhi kwa kila malipo.
- Akiambiwa dawa hakuna, aulize kwa upole kama imeagizwa na lini inatarajiwa. Ni haki yake kujibiwa.
- Awatambue wajumbe wa Kamati ya Usimamizi wa Kituo chake na kuhudhuria mikutano ya kijiji ambako taarifa za mapato na matumizi husomwa.

Malalamiko huanza kwa Mganga Mfawidhi au sanduku la maoni, kisha kwa Kamati ya Kituo na Mganga Mkuu wa Halmashauri. Kwa ushauri na taarifa za afya, wananchi wanaweza kupiga simu Wizara ya Afya kwa namba 199 bila malipo.